Tasnifu ya Mama na Soda za Mtaa Mzima

Mama yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopata ufa pembeni, draya ya kukaushia nywele inayonguruma kama inataka kupaa, na benchi la wanaosubiri zamu. Ukikaa kwenye kiti cha mbele, kichwa chako si chako tena. Mama anakiinamisha, anakigeuza, anakipigapiga kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Na akishaanza kusuka huwezi kuinuka mpaka amalize, maana nani atatoka barabarani na nusu kichwa?

Naeleza hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kumponza.

Mama pia ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nikisema hivyo shuleni, wenzangu wanadhani ulimi umeteleza, nilitaka kusema dada yangu. Sina dada. Ni Mama mwenyewe, mwenye watoto watatu na miwani ya kusomea ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi wa kusukia. Anasoma masomo ya jioni, uchumi na sera za umma. Alianza zamani, siku aliyomuuliza muuzaji wa jumla kwa nini nywele bandia zimepanda bei wakati hakuna kilichotokea. Yule muuzaji akamjibu bila hata kumtazama, "Ni uchumi, mama." Mama alirudi nyumbani amenuna. Hakulala vizuri. Baada ya muda tukasikia amekwenda kujiandikisha asome huo uchumi, aone kama kweli unahusika au unasingiziwa tu.

Nyumbani tulizoea. Baba, ambaye ni fundi wa friji na maneno yake huyatoa kwa kubana, alianza kupika siku za vipindi, na sisi watoto tulikula huku tukiomba kimoyomoyo muhula uishe. Siku nyingine Mama alikuwa anatufundisha mezani yale aliyofundishwa. Baba aliponyoosha sahani aongezewe wali, Mama akasema, "Sahani ya pili haina raha kama ya kwanza. Hilo limethibitishwa."

Baba akasema, "Nipe hiyohiyo isiyo na raha."

Lakini masomo ya jioni yana sheria yake. Mwanafunzi akipitisha miaka aliyopewa bila kumaliza, jina linafutwa, na mitihani yote aliyofaulu inafutika nalo. Mama alishasimamisha masomo mara mbili: alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, na upepo ulipobeba mabati ya saluni. Kwa hiyo mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Kilichobaki kilikuwa tasnifu. Akiipitisha, ana shahada. Ikikwama, jioni zote zile, na mapishi yote yale ya Baba, ni kama hayakuwahi kutokea.

Mada ya tasnifu aliipata kwa kutazama nje ya mlango. Ng'ambo ya saluni kuna duka, na mbele ya duka kuna friji la soda lenye taa ndani. Baba ndiye hulitengeneza likiharibika, jambo ambalo baadaye lilimfanya Mama amwite msaliti. Basi, serikali ilikuwa imepandisha kodi ya vinywaji vyenye sukari, na wakati huohuo zahanati ya mtaa ikaanzisha mafunzo ya afya kuhusu sukari. Mama akajiuliza: watu wakipunguza soda, watakuwa wamepunguza kwa sababu ya bei au kwa sababu ya mafunzo?

Mimi niliposikia hilo swali niliona ni zuri kuliko yote tuliyowahi kupewa darasani. Kwanza, jibu lake halikuwa nyuma ya kitabu chochote. Nilidhani majibu yote duniani yalishapatikana, yanasubiri tu tuyakariri.

"Na wahojiwa utawapata wapi?" nilimuuliza.

"Wanakuja wenyewe," alisema, akajitazama kwenye kioo kwa kuridhika. "Watafiti wengine wanazunguka juani wakifukuzwa na mbwa. Wangu wanakaa kwenye kiti, wametulia, na hawana pa kwenda."

Siku ya kwanza ya utafiti nilikuwepo, nafagia nywele. Aliyekaa kwenye kiti alikuwa Mama Pacha, jirani yetu, mwanamke mnene mcheshi ambaye mapacha wake wanasoma darasa moja na mdogo wangu. Mama alikuwa ameshika fungu la nywele karibu na sikio, dodoso limelala juu ya meza ya mafuta.

"Mama Pacha, ulihudhuria yale mafunzo ya zahanati?"

"Nilihudhuria, tena nilikaa mbele."

"Haya. Wiki iliyopita ulikunywa soda mara ngapi?"

"Soda? Aa, wiki iliyopita, labda kama mara..."

Mikono ya Mama ikasimama. Hakuvuta. Ilisimama tu, na kwenye kioo niliona nyusi zake zimepanda kidogo, zile nyusi ambazo sisi watoto wake tunazijua kuliko tunavyojua mashairi ya shule.

"...mara moja," Mama Pacha akamalizia. "Tena nilionja tu. Ilikuwa ya mtoto."

"Kumbe watoto unawapa soda?"

"Hapana! Nasema mtoto, nakusudia mgeni. Mgeni alikuja na mtoto."

Nyusi zikashuka. Mikono ikaendelea. Mama Pacha akashusha pumzi kama mtu aliyevuka barabara kubwa. Mama akainama, akaandika, *moja*.

Jioni ileile nilitumwa dukani, nikamkuta Mama Pacha kwenye friji la soda, nywele mpya zinang'aa, chupa mkononi, mrija mdomoni. Nilipomwamkia, chupa ikaingia nyuma ya mkoba. Akaitikia huku mrija bado umebaki kwenye mdomo, umening'inia.

Sikumwambia Mama. Nilidhani ni Mama Pacha peke yake.

Wiki zikapita, madodoso yakajaa, na Mama akayapeleka kwa msimamizi wake chuoni. Msimamizi huyo tunamwita Daktari, ingawa hatibu mtu; udaktari wake ni wa uchumi. Shangazi yangu alipomwona kwa mara ya kwanza alipandisha gauni amwonyeshe goti linalomuuma, na yeye kwa adabu akaliangalia, akasema lina hali nzuri. Ni kijana, umri wa mdogo wake Mama. Yeye humwita Mama "Mama," kwa heshima, na Mama humwita "Daktari," isipokuwa akijisahau, ndipo humwita "mwanangu."

Daktari hakupiga simu. Alikuja mwenyewe saluni, amebeba madodoso kwenye mfuko. Benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo akakalishwa chini ya draya iliyozimwa, kofia yake kubwa ikimning'inia juu ya kichwa.

"Mama, nimeyasoma haya," alisema. "Kwa mujibu wa takwimu zako, mtaa huu hakuna mtu anayekunywa soda."

"Elimu imeingia, Daktari." Mama alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Waliohudhuria mafunzo hawanywi. Na wasiohudhuria?"

"Nao hawanywi."

"Wamesikia kutoka kwa wenzao?"

"Nahisi hivyo."

Wakati huo gari la soda lilikuwa limesimama ng'ambo, wapakuzi wanashusha kreti juu ya kreti. Daktari akaelekeza kidole.

"Na zile anashushiwa nani?"

Mama akatazama. Sisi wote tukatazama. Benchi zima likatazama, kisha likatazama sakafu.

"Labda wapita njia," Mama akasema polepole.

Daktari akaomba ashuhudie mahojiano. Mama hakuwa na wasiwasi. Akamgeukia aliyekuwa kwenye kiti, akamuuliza kama kawaida, na kama kawaida mikono ikasimama, nyusi zikapanda, na mteja akaapa kwamba hata harufu ya soda ameisahau. Daktari akatoka chini ya draya.

"Mama, unawatisha."

"Mimi?" Mama aligeuka, chanuo mkononi, mkia wake umeelekea mbele kama mkuki. "Mimi namtisha nani? Jamani, kuna mtu namtisha hapa?"

"Hapana!" benchi likajibu kwa pamoja, haraka sana.

Daktari hakuhitaji ushahidi zaidi. Akamweleza kwa upole kwamba mtafiti anatakiwa kuuliza kwa uso usiosema kitu, uso kama ukuta, ili mhojiwa asijue jibu lipi litampendeza na lipi litamuudhi. Akampa muda mfupi arekebishe, maana tarehe ya kukabidhi ilikuwa inakuja na haisogezwi kwa mtu wa mwaka wa mwisho.

Nyumbani Mama akaanza kujifunza uso kama ukuta. Alinikalisha mimi kwenye kiti cha jikoni.

"Mwanangu, wiki hii umekunywa soda mara ngapi?"

Nikamtazama. Uso umetulia kama maji kwenye ndoo. Nyusi hazina habari. Nikaamini, nikasema kweli.

"Mara nne."

Ukuta ukabaki ukuta. Kisha upande mmoja wa mdomo ukaanza kucheza.

"Nne?"

"Mama, hutakiwi kusema 'nne' hivyo."

"Sijasema kitu. Narudia jibu ili niliandike."

"Unaandika au unatetemeka?"

"Naandika! Nne, na jino lile tulilokwenda kung'oa, ukalia mpaka muuguzi akaita wenzake, nne, na nyumbani maji yapo yanachemshwa kila siku, nani alikununulia, ni baba yako? Ni yule msaliti?"

Huku anakoroga sufuria, Baba akasema, "Mtafiti amefeli."

Tulijaribu tena na mdogo wangu, ikawa vibaya zaidi, maana yeye alianza kulia kabla ya swali. Ndipo Shangazi akajitosa.

Shangazi ni dada yake Baba. Cherehani yake iko kwenye baraza ya saluni, na kwa miaka yote ya wifi yake kusoma, yeye ameshona hapo akisikiliza kila kitu na kuchangia bila kuombwa. Na Shangazi ni mtu wa soda. Hafichi. Chupa yake ina mahali pake karibu na pedali, na akimaliza pindo moja anapiga funda moja.

"Wifi, tatizo lako unafanana na mwalimu mkuu," alimwambia Mama. "Nipe mimi hizo karatasi. Mimi watu wananiambia mpaka mambo ya chumbani, watashindwa kuniambia soda?"

Mama alikubali shingo upande. Daktari naye, kwa kuwa muda ulikuwa umebana, akasema sawa, mradi wahojiwa wawe walewale na maswali yawe yaleyale, neno kwa neno.

Maswali yalikuwa yaleyale. Anayeuliza ndiye aliyekuwa mwingine. "Njoo hapa, mwenzangu, kaa," Shangazi angesema, anavuta kigoda kwa mguu. "Wiki iliyopita ulikunywa soda mara ngapi? Usiogope, mimi hapa niko ya pili na jua halijafika kichwani."

Mama Pacha ndiye alikuwa wa kwanza. Alikaa, akatazama ndani ya saluni kama Mama hasikii, akashusha sauti.

"Dada, mimi kutwa mbili. Na moja ya kulalia."

"Ya kulalia!" Shangazi akapiga goti, lile linalouma. "Umenizidi. Mimi ya kulalia niliacha."

Kila aliyefuata alisikia wenzake wamesema ngapi, naye hakutaka kuonekana mnyonge. Wakaanza kushindana. Kila aliyekaa kwenye kile kigoda alitia chumvi kuliko aliyemtangulia. Kuna bibi mmoja mwembamba, mwenye duka la vitambaa, ambaye sote tunajua hanywi hata chai yenye sukari kwa sababu tumbo lake halitaki. Yeye akasema tatu kwa siku. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wenzangu wote wanacheka, mimi nikae nimesema sifuri, niwaharibie?"

Daktari alipoyaona majibu ya Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hesabu hii," alisema, "mtaa huu watu wanaogea soda."

Shangazi akafurahi. Alidhani amesifiwa.

Mama hakufurahi. Jioni ile alifunga saluni mapema. Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani, vitabu vyake vyote vya chuo amevishusha kutoka juu ya kabati, anavipanga kwenye boksi la nywele bandia. Anapanga vizuri, vikubwa chini, vidogo juu.

"Unavipeleka wapi?"

"Popote. Vinajaza vumbi." Hakunitazama. "Kusuka si kazi mbaya. Nimesuka kabla ya chuo, nitasuka baada ya chuo. Ila nilitaka tu siku moja mtu akinijibu 'ni uchumi, mama,' nimwambie, nao nimeumaliza."

Nilikaa pembeni yake. Mama yangu sijawahi kumwona anashindwa na kitu, hata nywele ngumu kiasi gani. Ili nisilie nikachukua madodoso, nikaanza kuyasoma kwa sauti, nikayaigiza: sauti nyembamba ya uoga kwa yale ya Mama, sauti ya majigambo kwa yale ya Shangazi. Mama Pacha, kwa Mama, "nilionja tu." Mama Pacha, kwa Shangazi, "na moja ya kulalia." Mama akacheka bila kutaka. Kisha akaninyang'anya karatasi.

"Hebu ngoja. Huyu ni mtu mmoja."

"Ndiyo, Mama Pacha."

"Swali moja. Mtu mmoja." Alikuwa ameshasimama. "Kilichobadilika ni anayeuliza tu." Akaanza kutembea kwenye ile nafasi ndogo kati ya kitanda na kabati, anakwenda anagonga boksi, anarudi anagonga boksi. "Na zahanati je? Kule anayefundisha ni nani? Muuguzi. Na baada ya mafunzo anayewauliza 'mmeacha soda?' ni nani? Muuguzi huyohuyo! Wanamwambia tumeacha. Anaandika wameacha. Ripoti inapanda juu, huko juu wanasema mafunzo yamefaulu, tuongeze mengine. Mwanangu, mimi siyo mtafiti mbaya. Mimi ni zahanati!"

Sikuelewa yote, lakini vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nilikuwa nimeona wazo likizaliwa, hivihivi, karibu na kabati la nguo.

Asubuhi Mama alimwita Daktari, akamweleza akiwa anasuka, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea.

"Nataka kuyaandika yote mawili," alisema. "Yangu na ya wifi. Bega kwa bega."

Daktari akakuna shingo. "Mama, ukifanya hivyo unawaambia watahini kwamba takwimu zako zote ni mbovu."

"Siyo mbovu, ni za uongo. Uongo wenye mpangilio. Kwangu wote wanashusha, kwake wote wanapandisha."

"Wanaweza kukufelisha kwa hilo."

"Nikiwapelekea za kwanza peke yake watanifelisha bila hilo." Kisha akaongeza, kama jambo dogo, "Na pale zahanati mafunzo yakiisha, wahudhuriaji wanapewa soda, kwa kuwa wamevumilia."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya madhara ya sukari."

Daktari akatoka chini ya ile draya. "Hilo nalo liandike," akasema.

Siku ya utetezi wa tasnifu chuo kilituruhusu kuingia. Mimi nilikuja na sare ya shule, Baba na koti lake la pekee, na Shangazi akiwa amekula kiapo kwamba hataleta chupa wala hatafungua mdomo. Tulikaa nyuma. Mbele, mezani, walikaa watahini wawili: Profesa mwenye ndevu nyeupe, mzee mpole wa sura mkali wa maneno, na mama mmoja mwenye miwani minene aliyekuwa anaandika kila kitu. Daktari alikaa pembeni, anapangusa viganja kwenye suruali. Mashine ya kuonyeshea picha ukutani iliamua kuonyesha kila kitu kwa rangi ya kijani, kwa hiyo Mama mwenyewe alionekana kama mgonjwa.

Alianza vizuri. Alieleza kodi, akaeleza mafunzo, akaeleza saluni. Alipofika kwenye majibu ya aina mbili, Profesa akainua mkono. Mhudumu alikuwa ndio kwanza ameweka sinia la chai mbele yake, naye akawa anaongea huku anajihudumia.

"Bibi, nikuelewe. Unataka tuamini kwamba mtu mzima anabadilisha jibu kwa sababu tu ya sura ya anayeuliza?"

"Ndiyo, Profesa."

"Saluni labda. Kwa jinsi nywele zake zilivyoshikwa, mtu ataungama hata wizi. Lakini kuikuza mpaka ikawa hoja ya sera za umma!" Kijiko kikaingia kwenye sukari, kikaenda kwenye kikombe. "Mtu mwenye akili timamu, hajashikwa nywele, ameulizwa jambo dogo tu la kila siku." Kijiko kikarudi. "Kwa nini adanganye? Anafaidika nini?" Kikarudi tena. "Hilo hujalithibitisha. Bila hilo, tasnifu yako haina miguu."

Mama alifungua mdomo ajibu. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Nilimsikia nyumbani akilirudia mbele ya sufuria. Lakini macho yake hayakuwa kwa Profesa. Yalikuwa kwenye kijiko, ambacho kilikuwa njiani kwa mara nyingine, kimejaa mpaka kinamwaga. Nikaziona nyusi. Nikasema moyoni, Mama, usifanye hivyo. Mama, tafadhali.

"Profesa," akasema, kwa ile sauti anayotugombezea sisi nyumbani, "hicho ni kijiko cha ngapi?"

"Cha kwanza," Profesa akajibu.

Alijibu papo hapo, kabla hajafikiri, kama mdogo wangu anavyojibu akiwa na makombo mdomoni. Kijiko kilibaki hewani, sukari inadondoka mezani punje kwa punje. Kila mtu alikuwa ameona.

Mama akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, Profesa. Nisamehe sana. Imenitoka. Nina watoto."

Daktari alikuwa amefumba macho. Baba aliniminya mkono mpaka ukaniuma. Na Shangazi, aliyekula kiapo, akasimama. "Aa, wifi, unaomba msamaha wa nini? Si ndio ushahidi wenyewe huo!"

Tukamvuta gauni akakaa.

Yule mama mwenye miwani alikuwa ameinamia karatasi zake. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijaribu kukohoa, haikusaidia, akavua miwani akacheka mpaka machozi. Profesa hakucheka. Alitazama kikombe chake kwa muda mrefu, kama kimemsaliti. Kisha akakitua kijiko taratibu kwenye sahani.

"Cha nne," akasema. "Tena mke wangu anajua ni kimoja." Akamgeukia mwenzake. "Andika kwamba mtahini alijibu cha kwanza. Andika na kwamba hakuna aliyemshika nywele. Endelea, Bibi."

Mama aliendelea mpaka mwisho. Kisha tukaambiwa tutoke wajadiliane.

Nje kwenye korido kulikuwa na kiti kimoja na hakuna aliyekikalia. Mama alisimama ameegemea ukuta. "Nimeharibu," alikuwa anasema. "Miaka yote hii, nimekuja kumgombeza profesa wa watu kwa sababu ya chai."

"Hukumgombeza," Baba akasema. "Uliuliza."

"Uliisikia sauti?"

Baba alikuwa ameisikia.

Shangazi alisema yeye angempa shahada saa ileile. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni, nasikia sauti zinapanda na kushuka lakini maneno hayasikiki. Mara moja nilisikia kicheko. Sikujua kama kicheko ni dalili nzuri.

Mlango ukafunguka, akatoka Daktari, na uso wake ulikuwa ukuta mtupu.

"Marekebisho madogo," akasema.

Mama akamkodolea macho. "Sema kwa lugha ya watu, mwanangu. Nimefaulu au nimefeli?"

Ukuta ukapasuka, meno yote nje. "Umefaulu, Mama. Umefaulu vizuri. Profesa anataka nakala."

Shangazi akapiga kigelegele, milango mitatu ikafunguliwa. Baba alikwenda kukikalia kile kiti, akavua koti, akalikunja magotini, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nilimrukia Mama shingoni. Alikuwa analia na kucheka, na mkono wake mmoja, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshaanza kunirekebisha nywele.

Alipotulia akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Hayo marekebisho ni ya wapi?"

"Sehemu ya mapungufu ya utafiti," Daktari akasema, akipekua kurasa. "Kanuni zinataka angalau ukurasa mmoja. Wewe umeandika sentensi moja."

Akaifikia, akaisoma kwa sauti.

"'Mtafiti ni mama.'"

Mama akafikiri. Kweli alifikiri, uso umekunjamana kama wakati wa mtihani.

"Sasa Daktari," akasema, "hapo nitaongeza nini tena?"